Moyo wa kitoto cha nguruwe na wa jike zee: ni nyama ileile iliyonenepa, au ni nyama nyingine kabisa?

#1 Mangi_wa_Bucha (Moshi)
Wakuu, heshima kwenu. Nina bucha ya kitimoto huku Kiboriloni na kuna ubishi umetuganda tangu asubuhi. Jirani kakuta kitoto kimelaliwa na mama yake bandani, kaniletea nimpasulie aone kama kilikuwa na ugonjwa. Nyama tulifukia, msinianze. Siku hiyohiyo nilikuwa nimechinja jike zee lililochoka kuzaa, basi mioyo miwili ikakutana kwenye ubao mmoja.

Wa kitoto unakaa kwenye kijiko cha supu. Rangi ya waridi iliyopauka, ukibonyeza kidole kinazama. Nikaukata kwa kulalia: ukuta wa chumba cha kushoto na wa kulia unakaribiana unene. Wa jike ni mwekundu karibu na kahawia, ukuta wa kushoto umeuacha wa kulia mbali sana, na kisu kinagoma kabla hakijaingia.

Binamu yangu anayesomea mambo ya wanyama anasema hiyo si nyama iliyonenepa tu. Anasema protini zenyewe zimetolewa na nyingine zimewekwa mahali pake. Mimi nasema moyo umekua kama mguu ulivyokua, basi. Nani kati yetu anawalisha wenzake matango pori?

#2 Chalii_wa_Sakina (Arusha)
Naweka kiti hapa. Waiteni wataalamu.

#3 Mzee_wa_Supu (Kibosho)
Hakuna cha protini wala nini. Misuli inayofanya kazi inakomaa, na moyo haujawahi kupata likizo. Ndiyo maana supu ya moyo inataka moto wa kutosha.

#4 Bi_Pasua (Moshi)
Mimi nimeona "moyo wa kitoto" nikajua ni uzi wa mapenzi. Narudi nilikotoka.

#5 Daktari_wa_Zizi (Tengeru)
Salaam. Mangi, umeona kitu cha kweli kwenye kuta, tuanzie hapo.

Tumboni mapafu ya kitoto hayafanyi kazi. Damu nyingi inayakwepa, inapita kwenye tundu la ndani ya moyo na kwenye mshipa mfupi unaounganisha mshipa wa mapafu na aota, ule mshipa mkuu wa mwili. Kwa hiyo chumba cha kulia kinasukuma kwa nguvu sawa na cha kushoto. Kikizaliwa na kuvuta pumzi, mapafu yanafunguka, shinikizo la upande wa kulia linashuka, la kushoto linapanda. Kuanzia hapo kushoto ndiko kunakonenepa na kulia kunabaki nyuma. Hilo linaeleza unene. Ubora wa nyama yenyewe ni habari nyingine.

#6 Binamu_Msomi (Arusha)
Mimi ndiye huyo binamu. Mangi kanitangaza kabla sijajiandaa.

Kuna protini inaitwa titini, kubwa kuliko zote zinazojulikana mwilini. Inakaa ndani ya uzi wa msuli na ndiyo inayourudisha baada ya kuvutwa. Jeni yake ni moja, lakini ujumbe wake wa kutengenezea protini unakatwa kwa njia tofauti, kwa hiyo unapata titini ndefu laini, inaitwa N2BA, au fupi ngumu, N2B. Kabla ya kuzaliwa moyo wa nguruwe una zile ndefu sana. Baada ya kuzaliwa zile ndefu za utotoni zinapungua na fupi zinaongezeka. Moyo ulikuwa unavutika kwa urahisi, sasa unakaza.

Na si kwamba zile za zamani zilinyooshwa au kunenepeshwa. Zimevunjwa, zimejengwa nyingine. Mguu wako, Mangi, haukubadilishiwa mfupa.

#7 Mangi_wa_Bucha
Mfupa nao unavunjwa na kujengwa upya maisha yote, wewe mwenyewe ulinifundisha mwaka jana ulipokula mbavu zangu za bure.

#8 Mama_Jiko (Njiro)
Kaka binamu, hiyo titini sijaibishia, ila mimi napika. Kisu hakigomei kitu ambacho hakionekani hata kwa darubini ya shuleni. Kisu kinagomea zile nyuzi nyeupe, kolajeni. Kitoto nacho anazo, lakini bado ni changa, ukichemsha kidogo zinayeyuka. Kwa jike zee nyuzi zimeshikana zenyewe kwa zenyewe na maji ya moto hayazifungui upesi. Moyo wa jike nauweka jikoni mapema kuliko maharage. Wa nguruwe wa kunenepesha, wale wa miezi sita, unakatakata na kukaanga na vitunguu na pilipili hoho, watu wanafurahi.

Kwa hiyo ugumu ni kolajeni. Nyie endeleeni na herufi na namba.

#9 Fundi_Jeli (Arusha)
Mama Jiko na Binamu wote wana hoja, ila wanapima vitu viwili. Ukivuta kipande cha moyo kidogo tu, kinachokataa ni titini zaidi. Ukikivuta sana, kolajeni ndiyo inakaza. Kisu kinafika mbali, kwa hiyo kwenye kisu nampa Mama Jiko pointi. Moyo ulio hai ukijaa damu kwa kawaida, titini ina sehemu yake kubwa.

Kuna na mabadiliko mengine ambayo huwezi kuyaona kwenye ubao. Troponini I kwa mfano, ni sehemu ya swichi inayouambia msuli "kaza, legea". Kitoto tumboni ana aina ileile inayotumika kwenye misuli ya polepole ya mwili. Baadaye inaondoka na inaingia aina ya moyo wa mtu mzima. Ile ya utotoni inavumilia zaidi damu yenye asidi, na mnajua uzazi ukichelewa kitoto cha mwisho kinabaki bila hewa kwa muda. Si bahati kwamba kina swichi inayovumilia.

Rangi nayo ni protini. Mayoglobini, ile inayotunza oksijeni ndani ya msuli, huongezeka na umri. Mitokondria, vile vinu vya nishati ndani ya seli, nazo huongezeka.

#10 Kijana_wa_Machame
Nondo. Niongeze na miosini, protini inayovuta msuli ukikaza: utotoni ni ya beta, ukubwani inageuka alfa, ile ya kasi. Nilisoma mahali.

#11 Fundi_Jeli
Mahali hapo palikuwa panazungumzia panya, Kijana. Panya ndiye anayehama kutoka beta kwenda alfa, kwa sababu moyo wake unapiga mara mia tano na zaidi kwa dakika. Nguruwe na binadamu, kwenye vyumba vikubwa vya chini, wanabaki na beta kwa wingi ukubwani. Ndiyo sababu mojawapo ya watafiti kumpenda nguruwe. Usilete panya kwenye banda la nguruwe.

#12 Kijana_wa_Machame
Bandani kwangu wamejileta wenyewe, tena wananenepa kuliko nguruwe.

#13 Daktari_wa_Zizi
Unacheka, lakini hilo si la kucheka. Kuna kirusi kinabebwa na panya, kinaingia kwenye pumba na maji, kikimpata kitoto kinashambulia msuli wa moyo. Unakuta vitoto vimekufa ghafla, na jana vilikuwa vinanyonya vizuri. Ukipasua unaona mabaka meupe kwenye moyo. Funika chakula chako, weka mitego.

#14 Binti_wa_Usa (Usa River)
Dokta shikamoo. Umenigusa. Mimi nilipoteza nguruwe walioachishwa kunyonya, na kilichoniuma ni kwamba walikufa wale wakubwa, wenye afya. Unawaacha jioni wanagombania chakula, asubuhi mmoja kalala ubavu. Jirani akasema sumu. Aliyenihudumia mara ya kwanza akasema ni baridi na akaniuzia antibayotiki. Wa pili alipasua: mfuko wa moyo umejaa maji ya njano yenye nyuzinyuzi, na moyo wenyewe una michirizi ya damu imetapakaa juu yake kama tunda la forosadi. Akanambia ni upungufu wa vitamini E na seleniamu.

#15 Daktari_wa_Zizi
Marahaba binti. Huyo wa pili aliona vizuri. Ugonjwa huo unapenda hasa wanaokua haraka, wiki chache baada ya kuachishwa. Vitamini E na seleniamu zinalinda ngozi ya seli isiunguzwe na mabaki ya oksijeni. Moyo unaojengwa kwa kasi una mafuta laini mengi kwenye ngozi za seli na mitokondria zinazochemka. Ukikosa mlinzi, unachanika. Mahindi yaliyokaa ghalani muda mrefu yanapoteza vitamini E, hilo watu wengi hawalifikirii.

Ila nawaomba wote. Nguruwe wakifa wengi kwa mpigo, wenye homa, ngozi imekuwa na wekundu wa zambarau masikioni na tumboni, msipasue wenyewe. Hiyo inaweza kuwa homa ya nguruwe ya Afrika, ile iliyoelezwa kwanza Kenya mwaka 1921. Haina dawa, na kirusi chake kinadumu kwenye damu na nyama. Kisu kimoja kinapeleka msiba mabanda yote ya mtaa. Mwite afisa mifugo. Mangi, hata wewe.

#16 Mangi_wa_Bucha
Nimekusoma, dokta. Ubao nimeusugua na dawa, kisu pia.

#17 Chalii_wa_Sakina
Wakuu turudi. Binamu kasema vinabadilishwa. Nani anatoa amri? Maana kitoto hakina kalenda ukutani.

#18 Binamu_Msomi
Hapo ndipo ugomvi ulipo. Kwa titini kuna protini moja, RBM20, ndiyo inayoamua vipande gani vya ujumbe vikatwe. Kazi yake hiyo iligunduliwa mwaka 2012 kupitia panya waliokuwa na titini kubwa kupita kiasi. RBM20 ikiwepo ya kutosha unapata titini fupi. Lakini nani anaiamuru RBM20? Homoni ya tezi ya shingo inatajwa sana, kwa sababu huwa inapanda kipindi kile cha kuzaliwa. Mimi naegemea huko.

#19 Daktari_wa_Zizi
Mimi naegemea shinikizo. Ukiuongezea moyo mzigo, unajipanga upya kulingana na mzigo. Angalia kuta za Mangi: upande uliopata mzigo ndio uliobadilika. Homoni inapita kwenye damu ileile pande zote mbili. Ingekuwa homoni peke yake, kulia na kushoto vingefanana.

#20 Fundi_Jeli
Hoja nzuri kwa unene, dokta. Lakini titini fupi huongezeka upande wa kulia pia, hata kama mzigo umepungua. Halafu msisahau oksijeni. Tumboni kitoto kinaishi na hewa kidogo. Saa moja baadaye kiko nje na damu imejaa oksijeni. Watafiti wa panya walionesha mwaka 2014 kwamba oksijeni hiyo inazalisha mabaki yanayogusa DNA, na seli za moyo zinaacha kugawanyika.

#21 Mama_Jiko
Na maziwa je? Mtoto wa nguruwe anazaliwa hana mafuta, mkavu, anatetemeka tu. Akinyonya ndipo anaanza kuwaka.

#22 Fundi_Jeli
Mama Jiko, wewe ulipaswa kuwa maabara na mimi jikoni. Ni kweli, nguruwe anazaliwa na mafuta kidogo sana, asilimia moja au mbili ya uzito, na ukoo wake ulipoteza zamani sana ile jeni ya mafuta ya kahawia ya kujipasha joto. Ndiyo maana anatetemeka, na ndiyo maana huko Kibosho usiku mnawawekea taa. Moyo wake tumboni unatumia sukari na asidi ya laktiki. Maziwa ya kwanza ndiyo shehena kubwa ya kwanza ya mafuta anayoipata, na vimeng'enya vya kuchoma mafuta vinapanda baada ya hapo. Mwaka 2023 ilitoka kazi ya panya: vitoto vilivyokosa asidi moja ya mafuta kwenye maziwa ya mama, mioyo yao ilishindwa kuhamia kwenye kuchoma mafuta na vikafa mapema.

Panya tena, najua. Kwa nguruwe sitathubutu kusema ni asidi hiyohiyo.

#23 Kijana_wa_Machame
Kumbe panya wanaruhusiwa bandani wakija na wewe.

#24 Mzee_wa_Supu
Nguruwe wetu wa zamani walikula migomba na machicha ya mbege, walikuwa wanazunguka shambani wamefungwa kamba ndefu. Walichukua mwaka na zaidi kufika uzito. Moyo wake ulikuwa mkubwa, mweusi, una ladha. Hawa wenu wa banda la mita mbili wanafika kilo mia kwa miezi sita, moyo unafika pale ukiwa bado unauliza njia. Hapo hamjagusa, mnazungumzia homoni.

#25 Daktari_wa_Zizi
Mzee wangu shikamoo, hapo umepiga penyewe. Nguruwe wa kisasa ana moyo mdogo ukilinganisha na mwili wake. Wa kilo mia, moyo una kama gramu mia tatu na kitu. Mwili tumeuchagua kwa nyama, moyo hatukuuchagua kwa lolote. Ndiyo maana ukimkimbiza mchana Himo kwenye jua, akipakiwa kwenye gari amebanana, anaweza kuangukia njiani.

#26 Binti_wa_Usa
Kuhusu kuangukia njiani, nilisikia ni jeni na siyo moyo?

#27 Daktari_wa_Zizi
Yote mawili. Kuna jeni ya mlango wa kalisi kwenye misuli ya mwili, kosa lake lilijulikana mwaka 1991. Mwenye nalo akipata mfadhaiko misuli inakaza, joto linapanda, anakufa, na nyama inatoka imepauka na kutoa maji. Mwenye bucha anaijua nyama hiyo. Lakini asiye nalo pia anaweza kufa kwa joto. Hawana jasho la maana.

#28 Kijana_wa_Machame
Tukiwa kwenye moyo: wale Wamarekani waliompandikiza mtu moyo wa nguruwe 2023, huo moyo ulikuwa wa umri gani? Maana kama protini zinabadilika na umri, si uliendelea kubadilika ndani ya mtu?

#29 Fundi_Jeli
Wa kwanza ilikuwa Januari 2022, Maryland, David Bennett, akaishi miezi miwili. Wa 2023 alikuwa Lawrence Faucette, akaishi kama wiki sita.

Ila swali lako ndilo bora kwenye uzi huu. Nguruwe yule alikuwa amebadilishwa jeni kumi. Moja iliyozimwa ni ya kupokea homoni ya ukuaji, kwa sababu walishaona kwa nyani kwamba moyo wa nguruwe unaendelea kukua hadi unajibana wenyewe kifuani. Moyo unaingia kwa mwenyeji mwingine lakini unaendelea na ratiba ya nguruwe, ya kufikia kilo mia kwa nusu mwaka.

#30 Binamu_Msomi
Hapo ndipo homoni inashinda, dokta. Wamezima kipokezi cha homoni, hawajazima shinikizo.

#31 Daktari_wa_Zizi
Kwa nyani walishusha na shinikizo la damu pia, na walitumia na dawa ya kuzuia ukuaji wa seli. Walivuta kamba zote kwa pamoja, huwezi kujua ipi iliyofunga mlango.

#32 Bi_Pasua
Nimerudi. Kwa hiyo mtu mwenye moyo wa nguruwe akinipenda, ananipenda kwa kasi ya miezi sita?

#33 Ustadhi_Mbauda (Arusha)
Mimi nipo kimya nasoma tu kwa faida ya elimu. Ila hizo picha za ubao naomba msizitume.

#34 Chalii_wa_Sakina
Ustadhi karibu sana, hapa ni protini tu, harufu haifiki.

#35 Kijana_wa_Machame
Nasikia pia moyo wa kitoto ukikatwa unajirudi, kama mkia wa mjusi, hadi kinapofika wiki moja.

#36 Fundi_Jeli
Wiki moja ni panya. Nguruwe, kazi mbili zilizotoka 2018 zilionesha ni kama siku mbili za kwanza. Ukiuumiza moyo wa kitoto cha siku ya kwanza, unajaza msuli. Siku ya tatu na kuendelea, unaacha kovu.

Na hapa nguruwe anatofautiana na sisi, wanaomwita "binadamu wa zizini" wasikilize. Seli zake za moyo zikiacha kugawanyika haziachi kuongeza viini. Zinaendelea kuongeza viini ndani ya seli moja, seli inarefuka, hadi unakuta viini vinane, kumi na sita. Za kwetu nyingi zina kiini kimoja. Kwa hiyo ukilinganisha protini kwa kila seli, unalinganisha kibanda na ghorofa.

#37 Mangi_wa_Bucha
Mmenizidi kimo lakini nimekaa. Sasa kuhusu kupauka kwa kitoto. Mama mwenye banda anasema kilikuwa hakijamaliza wiki mbili. Mwanawe anasema zaidi. Kilikuwa kimezubaa, ndiyo maana kikalaliwa. Je, ni mayoglobini au kilikuwa na ugonjwa?

#38 Binti_wa_Usa
Kilichomwa sindano ya chuma? Maana banda la saruji halina udongo wa kulamba, na maziwa ya mama yana chuma kidogo. Usipochoma miligramu mia mbili siku za mwanzo, wiki ya pili, ya tatu wanapauka hadi masikio unayaona taa kwa upande wa pili. Moyo nao unapauka na kutanuka. Langu ni hilo, sio protini za kukomaa.

#39 Mangi_wa_Bucha
Sindano hakuna aliyenijibu. Wamebaki kuangaliana.

#40 Daktari_wa_Zizi
Mimi siamini hizo wiki mbili. Kuta zinakaribiana unene. Kwa nguruwe, kushoto kunaiacha kulia upesi sana. Kitoto kile kilikuwa cha siku chache tu, na kwa siku chache chuma bado hakijaisha. Kupauka kwake ni kwa umri.

#41 Binti_wa_Usa
Dokta, kikiwa na nimonia ya muda mrefu shinikizo la mapafu halishuki vizuri, na upande wa kulia unabaki mnene. Ulinifundisha wewe mwenyewe kwenye ule uzi wa kikohozi.

#42 Daktari_wa_Zizi
Kweli. Mangi, mapafu yalikuwaje?

#43 Mangi_wa_Bucha
Mapafu sikuyatazama kwa makini. Yalikuwa mekundu. Si kalaliwa na mama yake wa kilo mia na themanini?

#44 Chalii_wa_Sakina
Au ni mwinuko. Kiboriloni kuna hewa nyepesi, mapafu yanabana.

#45 Daktari_wa_Zizi
Kiboriloni haifiki mita elfu moja. Arusha yenyewe ni kama elfu moja na mia nne. Ng'ombe na nguruwe wanaougua moyo kwa mwinuko wako juu zaidi ya hapo. Hilo liache.

#46 Fundi_Jeli
Kuna kitu hakuna aliyeuliza. Kitoto kilikufa saa ngapi?

#47 Mangi_wa_Bucha
Usiku. Kilikutwa asubuhi. Jike nilichinja palepale, moyo ulikuwa bado wa moto.

#48 Fundi_Jeli
Basi mioyo yako miwili haikuwa kwenye mashindano sawa. Msuli ukifa unatumia akiba ya mwisho ya nishati, kisha unakakamaa, kisha vimeng'enya vya ndani vinaanza kuukata na unalainika tena. Titini ni kati ya za kwanza kukatwa, kwa sababu ni ndefu na iko wazi. Kitoto cha usiku mzima karibu na joto la mama yake kimeshaanza kupita hatua hizo. Jike la moto halijaanza hata kukakamaa sawasawa. Kidole chako kilipozama kwenye moyo wa kitoto, kilizama kwenye utoto au kwenye masaa?

Hili linatutesa hata sisi. Sampuli ikichelewa kuingia kwenye nitrojeni ya maji ya kugandishia, kwenye jeli, ile ya maabara inayopanga protini kwa ukubwa, unaona mstari wa titini iliyokatika chini ya ile nzima, na mtu mwenye haraka anaandika kwamba ni aina mpya. Halafu kuna la pili: kupima protini kwa umri unahitaji protini nyingine isiyobadilika, uwe unalinganisha nayo. Wengi wanatumia kimeng'enya kimoja cha njia ya sukari. Kwenye moyo unaohama kutoka sukari kwenda mafuta! Rula yenyewe inarefuka wakati unapima. Nimeona michoro mizuri sana iliyotokana na rula hiyo.

#49 Binamu_Msomi
Kwa titini tunalinganisha na miosini kwenye jeli ileile, na tunatoa uwiano wa ndefu kwa fupi. Rula hiyo hairefuki.

#50 Fundi_Jeli
Kwa titini nakubali. Kwa nusu ya mengine mliyoyataja hapa, leteni rula.

#51 Mama_Jiko
Na rangi je, nayo ni masaa?

#52 Fundi_Jeli
Damu ya jike ilitoka kwa kuchinjwa. Ya kitoto ilibaki ndani. Kingetakiwa kuwa cheusi zaidi, siyo kupauka. Kwa hiyo kwenye rangi namuunga Mangi mkono: kuna kitu pale, cha umri au cha chuma.

#53 Mzee_wa_Supu
Kwa hiyo kurasa zote hizi na bado hamjui.

#54 Binamu_Msomi
Mzee, titini tunajua. Troponini tunajua. Tusichojua ni kitoto cha jirani.

#55 Mangi_wa_Bucha
Basi mnipangie. Nina mzao mmoja wa Large White na Landrace, mama mmoja, baba mmoja. Nichinje lini na nikate wapi, tumalize.

#56 Fundi_Jeli
Mmoja wa siku za kuachishwa, mwingine ndugu yake akifika kilo tisini. Wote wamechomwa chuma. Wote wachinjwe vilevile, saa ileile ya asubuhi. Kata ukuta wa kushoto, katikati, usikate nchani. Nakuja na chupa ya nitrojeni mwenyewe, na hakuna mtu kugusa kwa kidole kwanza.

#57 Daktari_wa_Zizi
Na ukuta wa kulia pia. Bila kulia mtakuja kusema homoni tena.

#58 Binamu_Msomi
Na kitoto cha siku ya kwanza, vinginevyo mmechelewa. Mabadiliko makubwa yanakuwa yameshapita wakati anaachishwa.

#59 Mangi_wa_Bucha
Kitoto cha siku ya kwanza sichinji, labda kizaliwe kimekufa. Na huyo wa kuachishwa nani analipa? Akikua ananipa kilo tisini, mnataka nimuue kwa ajili ya kijiko.

#60 Mama_Jiko
Nyama ya huyo wa kuachishwa nanunua mimi, nina sherehe ya kipaimara. Moyo wachukue wao.

#61 Mzee_wa_Supu
Moyo wa yule wa kilo tisini nimeshauwekea oda kabla ya uzi huu kuanzishwa. Watafute mwingine.

#62 Fundi_Jeli
Mzee, nahitaji kipande cha ukubwa wa ukucha tu.

#63 Mzee_wa_Supu
Ukucha wa nani?